Sheria inakataza kumchapa mtoto, Mithali inasema fimbo: sasa nimtii nani?

Swali: "Shikamoo wakili. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeokoka. Huku ninapoishi kuna mswada unakuja wa kumkataza mzazi kumchapa mwanae hata kofi moja. Kanisani zimeletwa fomu tusaini kuupinga, na mchungaji amesema asiyesaini ameshamkana Mungu, maana imeandikwa imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, na Mithali 13:24 iko wazi kabisa. Mimi wanangu nawachapa, sio sana, ila fimbo ninayo na wanaijua ilipo. Nisaini? Alafu sheria ikipita nikimchapa mmoja nitafungwa, watoto watachukuliwa? Na nisipochapa nitawarudi vipi?"

Marahaba dada yangu. Umeuliza mambo matatu kwa pumzi moja na kila moja lina uzito wake, kwahiyo vumilia jibu litakuwa refu. Mimi ni wakili wa kesi za familia na pia ni mzee wa kanisa, nimewahi kusimama upande wa mzazi aliyeshtakiwa kwa kumpiga mwanae na nimewahi kusimama upande wa mtoto aliyepigwa, na nitakwambia mapema kabisa mimi naegemea wapi ili usije ukahisi nakuzungusha: sikuona kwenye Biblia amri ya kuchapa. Niliona amri ya kumrudi mtoto, yaani kumrekebisha. Ila wenzako wanaoogopa hiyo sheria sio wajinga, na kuna sehemu hofu yao ina msingi, tutafika huko.

Tuanze na sheria maana ndo inayokunyima usingizi.

Watu wengi wanadhani serikali inakaa inaunda kosa jipya linaitwa "kuchapa mtoto" na adhabu yake miaka kadhaa. Mara nyingi sio hivyo. Kumpiga mtu ni kosa tangu enzi na enzi, mimi nikikuzaba kibao wewe dada hapo ulipo hilo ni shambulio, hata usipovimba. Mzazi ndo alikuwa amepewa ngao peke yake, yaani akishtakiwa anasema "nilikuwa namwadibu, na niliadibu kwa kiasi", basi mahakama inamwachia. Sheria hizi mpya kazi yake kubwa ni kuiondoa hiyo ngao. Kosa lilikuwepo, kilichoondoka ni kisingizio.

Na hiyo ngao ina historia ambayo ukiijua utashangaa kwamba tunaitetea kanisani. Nchi zilizorithi sheria za Kiingereza zinaitoa kwenye kesi ya mwaka 1860, mwalimu mmoja Uingereza anaitwa Thomas Hopley alikuwa na mwanafunzi wa miaka 15 aliyemwona mkaidi hataki kusoma, akamwandikia baba yake barua kuomba ruhusa ya kumwadhibu vikali, baba akakubali, mwalimu akampiga usiku yule kijana mpaka akafa. Jaji akasema mzazi au mwalimu anaweza kumwadhibu mtoto kwa kiasi na kwa busara, ila huyu alipitiliza, akafungwa miaka 4. Sasa ona, sentensi ambayo wazazi wa nchi nyingi wameitegemea kwa zaidi ya miaka 150 ilizaliwa kwenye kesi ambayo mtoto yuko kaburini. Na shida ya neno "kiasi" ni kwamba kila mtu ana kiasi chake. Mwaka 1998 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisikiliza kesi ya mtoto wa Uingereza aliyekuwa anachapwa na baba wa kambo kwa fimbo ya bustanini akiwa na miaka 9, na jopo la raia wanaoamua kesi (jury) kule Uingereza lilikuwa limemwachia yule baba kwasababu eti ilikuwa adhabu ya kiasi. Mahakama ya Ulaya ikasema hapana, nchi imeshindwa kumlinda mtoto.

Nchi ya kwanza kukataza kabisa ni Sweden, 1979. Na cha kuchekesha ni kwamba ile sheria ya Sweden yenyewe haikuwa na adhabu ndani yake, iliandikwa kwenye sheria za familia kama tamko la namna ya kulea, serikali ikaichapisha mpaka kwenye pakiti za maziwa ili familia zikae mezani asubuhi zinaisoma. Baadhi ya wazazi Wakristo wa kanisa moja huru la Stockholm hawakuridhika, wakaenda Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu wakisema imani yao inawataka wachape, mwaka 1982 tume ikakataa hata kuipokea kesi. Baada ya hapo zikafuata Finland 1983, Norway 1987, Ujerumani 2000, na kuendelea. Leo ni zaidi ya nchi 60. Kenya iko humo kupitia katiba ya 2010, Togo tangu 2007, na Zambia kwa sheria ya watoto ya 2022, na Zambia nakutajia kwa makusudi kwasababu katiba yao inajitangaza kuwa taifa la Kikristo. Kwahiyo ukisikia mtu anasema hizi ni sheria za wasiomjua Mungu, mwambie aangalie tena ramani.

Afrika Kusini ndo mfano ninaoupenda zaidi. Kule sio bunge lililoondoa ngao, ni mahakama. Baba mmoja alimpiga mwanae wa miaka 13, akajitetea kwa adhabu ya kiasi, Mahakama Kuu mwaka 2017 ikasema hiyo ngao yenyewe haiendani na katiba. Shirika moja la Kikristo linalotetea uhuru wa dini likaingia kwenye kesi kukata rufaa, likaenda mpaka Mahakama ya Katiba, na tarehe 18 Septemba 2019 majaji wote kwa pamoja wakakataa rufaa. Aliyeandika hukumu ni Jaji Mkuu wa wakati huo, Mogoeng Mogoeng, ambaye ni mchungaji. Mchungaji kabisa, wa kanisa la Kipentekoste, anayejulikana nchi nzima kwa kusali hadharani. Sisemi kwamba kwa vile ni mchungaji basi yuko sahihi, wachungaji nao wanakosea sana. Nasema tu kwamba ukiambiwa "Mkristo wa kweli hawezi kuunga mkono hili" tayari una mfano mmoja mkononi.

Sasa utafungwa?

Hujaniambia uko nchi gani wala sijausoma huo mswada, kwahiyo nakujibu kwa jinsi sheria hizi zinavyofanya kazi kwa kawaida. Mzazi aliyempiga mtoto kofi moja mkononi, hakuna alama, hakuna historia, mara nyingi sana haifiki mahakamani. New Zealand walipobadilisha kifungu chao cha 59 mwaka 2007 waliandika humo humo kwamba polisi wana hiari ya kutomshtaki mzazi kama jambo lenyewe ni dogo kiasi kwamba hakuna faida kwa umma kuliendesha. Na wakaandika pia kwamba mzazi anaruhusiwa kutumia nguvu kiasi kumzuia mtoto asijidhuru au asimdhuru mwenzie, yaani mtoto amekimbilia barabarani unamvuta kwa nguvu mpaka analia, hapo huna kosa hata kidogo. Kilichokatazwa ni nguvu kwa ajili ya kuadhibu. Tofauti hii watu huwa hawaelezwi kwenye mahubiri, wanaambiwa "hata kumshika mkono utafungwa", na sio kweli.

Ila fimbo ni jambo lingine, na hapa nakwambia kama wakili wako, sio kama mzee wa kanisa. Fimbo, mkanda, waya, kupiga kichwani, kuacha alama, hayo kwenye nchi nyingi yalishakuwa hatari hata kabla ya sheria mpya. Mahakama ya Juu ya Canada mwaka 2004 iliibakiza ngao ya wazazi, wakashangilia wengi, lakini ukisoma ilichosema: isiwe mtoto chini ya miaka 2 wala kijana wa miaka ya ujana, isiwe kwa kifaa chochote, isiwe kichwani. Yaani hata pale wazazi "walioshinda", fimbo ya Mithali ilikuwa tayari imeshatolewa nje. Kwahiyo hiyo fimbo yako dada, mswada upite usipite, ningeitoa.

Sheria hizi zinaumiza wapi hasa? Kwenye talaka. Sijaona watu wanaliongelea hili lakini kwenye kesi zangu ndo linakojitokeza, baba na mama wanagombania watoto, mmoja anatoa picha ya mguu wenye alama iliyopigwa kwa simu miaka miwili nyuma, kesi imegeuka. Na kwenye ripoti za shule, na kwa wahamiaji ambao hawajui lugha vizuri na wanajibu swali la afisa wa ustawi wa jamii vibaya kwasababu wanaona kuchapa ni jambo la kujivunia, wanasema "ndiyo nawachapa, mimi ni mzazi mzuri".

Na hapo ndo naingia kwenye hofu ambayo ina msingi. Norway mwaka 2015 familia moja ya Kipentekoste ilinyang'anywa watoto wote watano, mdogo akiwa ananyonya, chanzo kikiwa ni taarifa za adhabu za viboko nyumbani, na Wakristo wakaandamana kwenye miji mingi duniani mpaka watoto wakarudishwa mwaka uliofuata. Mimi ile kesi iliniuma. Unaweza kuamini kwamba kuchapa ni kosa na wakati huohuo ukaamini kwamba kumtoa mtoto anayenyonya kifuani kwa mama yake ni jeraha kubwa kuliko kofi alilopigwa kaka yake. Serikali ina mikono mizito. Mtu akiniambia "naogopa mamlaka ya watoto kuingia nyumbani kwangu" simwambii huna imani, namwambia una macho.

Lakini usiishie kwenye upande huo tu. Ujerumani kulikuwa na jumuiya ya Kikristo inaitwa Makabila Kumi na Mawili, waliishi pamoja Bavaria, watoto walichapwa kwa fimbo nyembamba kwa vikosa vidogo vidogo, na watu wazima wowote wa jumuiya waliweza kuchapa. Mwandishi wa habari akaingia na kamera ya siri, Septemba 2013 polisi wakawachukua watoto kama 40. Wazazi wakaenda Mahakama ya Ulaya wakidai haki ya familia, wakashindwa 2018. Nao walikuwa na Mithali 13:24. Nao waliamini wanapenda. Hiyo aya haikuwawekea breki yoyote kwasababu ukiisoma jinsi wanavyoisoma haina breki ndani yake.

Haya, tuje kwenye Maandiko, maana najua huko ndo moyo wako uliko.

"Yeye asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe, bali yeye ampendaye humrudi mapema." Angalia hilo neno humrudi. Sisi tumelizoea tukadhani ni neno la kuchapa, mtoto akirudiwa tunaona kiboko, lakini kurudi ni kurudi, ni yule anayekwenda njia mbaya akageuzwa. Kwenye Kiebrania neno lililoko hapo ni musar, na musar kwenye Mithali yote ni maonyo, mafundisho, malezi, lipo mwanzo kabisa wa kitabu, sura ya kwanza, mahali ambapo hakuna fimbo yoyote. Na neno linalotafsiriwa fimbo, shevet, ni fimbo kweli, ya mchungaji, ya mtawala, hata kabila linaitwa hivyo hivyo. Sitakudanganya kwamba Mithali haizungumzii kupiga. Inazungumzia. Mithali 23:13 inasema wazi "ukimpiga kwa fimbo hatakufa". Wahubiri wanaosema fimbo pale ni neno la Mungu tu, ni mfano tu, mimi naona wanakwepa.

Ila sasa tuisome kwa uaminifu mpaka mwisho. Mithali hiyo hiyo inaweka fimbo kwenye mgongo wa mpumbavu, 10:13 na 26:3, mgongoni sio makalioni. Haisemi viboko viwili tu, haisemi usichape ukiwa na hasira, haisemi mwisho ni miaka 10 au 12, haisemi usiache alama, na 20:30 inaongelea mapigo yanayojeruhi kabisa. Neno linalotafsiriwa mtoto, naar, limetumika kwa Musa akiwa mchanga ndani ya kile kisafina na limetumika kwa Yusufu akiwa na miaka 17. Sasa mchungaji wako akifundisha "chapa kwa upole, kwa kiasi, makalioni, usiumize, mtoto akikua acha", hayo ni mafundisho ya busara, lakini hayajatoka kwenye hiyo aya. Ameyatoa kwingine, kwenye dhamiri yake, kwenye Agano Jipya, kwenye jinsi jamii ilivyobadilika. Amesharegeza andiko. Anayekwambia anatii neno lilivyo na wewe umelikunja, yeye mwenyewe amelikunja, tofauti ni mahali pa kukunjia.

Na ile "hatakufa"... Kutoka 21:20 inatoa adhabu kwa mtu aliyempiga mtumwa wake kwa fimbo akafa mkononi mwake. Kwahiyo Biblia inajua vizuri kwamba mtu akipigwa kwa fimbo anaweza kufa. Mithali ni mithali. Sisi wa Kiswahili tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa hili, tunasema mchelea mwana kulia hulia yeye, na hakuna anayekwenda nyumbani kumliza mtoto ili kutimiza methali. Tunajua inasema nini: usiogope kumkatalia mtoto. (Kuna watu wanaamini kabisa hiyo nayo iko kwenye Biblia, nimeshasikia ikinukuliwa madhabahuni.)

Waebrania 12 pia watakuletea, "humpiga kila mwana amkubaliye". Neno la Kigiriki pale ni la mjeledi, ule wa kumchapa mfungwa, na waandikiwa walikuwa watu wazima wanaoteswa kwa ajili ya imani, mwandishi anawatia moyo kwamba mateso yao sio dalili ya kuachwa. Ukiifanya iwe maelekezo ya malezi utabidi utafute mjeledi. Na Paulo alipoandika moja kwa moja kwa wazazi, pale ambapo angeweza kusema chapeni na kila mtu wa zama zake angeitikia, alisema "msiwachokoze watoto wenu, bali waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana", Waefeso 6:4. Kwenye Wakolosai 3:21 akaongeza sababu, wasije wakakata tamaa. Aliwawekea mipaka akina baba, kwenye dunia ambayo baba wa Kirumi alikuwa na mamlaka karibu yasiyo na mwisho juu ya mwanae.

Sasa Matendo 5:29, ile ya kumtii Mungu kuliko wanadamu. Hapa ndo namkatalia mchungaji wako bila kumung'unya maneno. Petro aliposema vile alikuwa amekatazwa kufanya jambo ambalo Bwana alimwamuru kwa kinywa chake, kuhubiri. Danieli alikatazwa kusali. Wakunga wa Misri waliamriwa kuua. Kutotii kwa Kikristo kunakuja pale serikali inapokataza lililoamriwa au inapoamuru lililokatazwa. Kuna kundi la tatu, yale ambayo Biblia inayaruhusu au inayakuta kwenye jamii na kuyawekea utaratibu, serikali ikiyazuia hatuna kesi. Kumbukumbu 21:15 inaweka utaratibu wa mtu mwenye wake wawili. Torati ina sheria za watumwa. Ukurasa huohuo wa Kumbukumbu 21 unaelekeza mwana mkaidi apelekwe mlangoni apigwe mawe. Serikali nyingi zimeyafuta mambo hayo na mimi sijaona kanisa letu likileta fomu. Kwahiyo swali ni moja tu, je kuchapa kumeamriwa au ni njia mojawapo ya kutimiza kilichoamriwa? Kama kilichoamriwa ni kulea kwa adabu na maonyo, basi serikali imekunyang'anya chombo kimoja, kazi bado unayo yote.

Hoja hii mahakama zimeshaisikia pia. Mwaka 2000 shule 196 za Kikristo za Afrika Kusini, zenye wanafunzi kama 14,500, ziliomba zisamehewe katazo la viboko shuleni, zikaleta Mithali hizo hizo. Jaji Albie Sachs hakuwadharau, alikubali imani yao ni ya kweli na akasema serikali isiwalazimishe waumini bila sababu kuchagua kati ya imani na sheria, lakini akaona hapa sababu ipo. Uingereza mwaka 2005 hivyo hivyo, wakuu wa shule za Kikristo walishindwa katika kesi ya Williamson, na jaji mmoja mwanamke, Lady Hale, akasema jambo ambalo huwa nalirudia kwa mawakili wadogo: hii kesi tangu mwanzo ni ya watoto, na kwenye mahakama zote ilizopita hakuna hata mtu mmoja aliyeletwa kusema kwa niaba ya watoto. Wazazi walikuwa na mawakili, walimu walikuwa na mawakili, serikali ilikuwa na mawakili.

Kanisa lenyewe halijawahi kuwa na sauti moja. Yohane Krisostomo, karne ya nne, aliwashauri akina baba mtoto aogope kiboko lakini asikipate, maana akikizoea atakidharau. Agostino anasimulia kwamba sala zake za kwanza utotoni zilikuwa kumwomba Mungu asichapwe shuleni, na wazazi wake, mama yake akiwa mcha Mungu tunayemwita mtakatifu, walikuwa wanacheka. Anselmo, karne ya 11, alilalamikiwa na abate mmoja, yaani mkuu wa monasteri, kwamba watoto wa monasteri tunawachapa usiku na mchana na wanazidi kuwa wabaya, akamuuliza, ukipanda mti ukaubana pande zote usitanue matawi, baada ya miaka utapata mti gani? Upande mwingine Katekisimu ya Katoliki mpaka leo inanukuu kitabu cha Yoshua bin Sira, kilichomo kwenye Biblia ya Kikatoliki, kuhusu fimbo, na Papa Francis mwaka 2015 alimsifia baba aliyesema huwapiga wanae kidogo ila kamwe sio usoni, akazua mjadala mkubwa. Kanisa la Methodisti la Marekani lilishapitisha azimio 2004 kuwahimiza wazazi waache. Watu waliomwamini Yesu yule yule.

Utafiti? Kwa ufupi. Uchambuzi mkubwa wa 2016 wa Gershoff na Grogan-Kaylor ulikusanya tafiti 75 zenye watoto zaidi ya 160,000, ukakuta kuchapwa makalioni kwa mkono kunaambatana na matokeo mabaya, ugomvi, wasiwasi, uhusiano mbaya na mzazi. Wapo wataalamu kama Robert Larzelere wanaosema kuambatana sio kusababisha, kwamba watoto wasumbufu ndo wanaochapwa zaidi. Hoja yao ina haki ya kusikilizwa. Ila mimi hawajanishawishi kwamba anayechapwa anakua mwema kumzidi aliyeadibiwa bila kuchapwa.

Mimi haikuwa utafiti ulionibadilisha. Nilikuwa nachapa, sio sana, kama wewe. Mwanangu wa pili siku moja alivunja kioo, nikarudi jioni nikamkuta ameshachukua fimbo mwenyewe ameiweka juu ya meza, amekaa anasubiri. Hakuwa analia. Akaniambia baba tufanye haraka nina homework. Nikasimama pale na mkoba mkononi. Mtoto wa miaka 9 alikuwa ameshapiga hesabu, kioo ni viboko vitatu, unalipa unaondoka, hudaiwi. Nilikuwa nimemfundisha bei. Hatukuwahi kuongea kwanini alikuwa anarusha mawe upande ule, na tulipoongea siku ile, ikachukua saa nzima na ilikuwa ngumu kuliko viboko, kwake na kwangu, ndo nikajua kuna mtoto mkubwa alikuwa anamwonea njiani.

Kwahiyo swali lako la tatu, nitawarudi vipi, jibu ni kwamba itakuchosha zaidi. Ukisema hapana iwe hapana hata ukiwa umechoka. Aliyemwaga afute, aliyevunja afanye kazi ya kulipia, aliyemtukana mwenzie aende amtazame usoni aombe msamaha na wewe umesimama hapo. Akikosa akose kitu kinachohusiana na kosa, sio kitu chochote tu. Kumbukumbu 6:7 inasema uongee nao uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo, hiyo ni ratiba ya siku nzima, na wengi wetu tulichagua fimbo kwasababu inamaliza kwa dakika mbili. Na siku ukishindwa, ukampiga, usimfundishe mtoto kudanganya mwalimu. Hapo ndo kesi nyingi huharibika, mtoto anaelekezwa aseme alianguka. Ukiitwa na ustawi wa jamii nenda, usigombe, usiseme uongo, omba mkalimani kama lugha inakusumbua, chukua wakili kabla ya kuandika maelezo yoyote, na mwambie afisa umeanza kubadilika na umebadilika vipi. Wanatafuta hilo.

Na fomu. Usisaini kitu kinachosema kuchapa ni amri ya Mungu, kama moyoni hujui kama ni amri. Huo ni ushuhuda, na ushuhuda wa uongo nao umekatazwa. Ila usikae kimya pia. Wananchi wa New Zealand mwaka 2009 walipiga kura ya maoni, asilimia 87 ya waliopiga wakasema kofi la mzazi mwema lisiwe jinai, na serikali haikubadilisha sheria hata hivyo, kwahiyo kupinga sheria yote kwa jumla huwa hakufiki mbali, wakati ile hiari ya polisi niliyokwambia iliingia kwasababu watu walikaa mezani wakabishana neno kwa neno kabla kura haijapigwa bungeni. Mwombe mchungaji kanisa liandike barua yake: kifungu kiseme wazi kumzuia mtoto asidhurike sio kosa, polisi wawe na hiari kwenye mambo madogo, familia isaidiwe kwanza kabla ya mtoto kuhamishwa na uamuzi wa kumhamisha upitie kwa hakimu haraka, na mzazi mgeni apewe mkalimani. Barua hiyo wabunge wataisoma, na hata mimi ningeisaini. Ukinitumia nakala ya mswada nitakuonyesha ni vifungu gani vya kutaja kwa namba.